Kabla hujakopea ziro-tani, hesabu kwanza majani ya Malindi

Mwezi wa Mei, ukitoka Kilifi kwenda Malindi, majani ya kando ya barabara yanakufika kiunoni. Masika yameshika, mchanga umekunywa maji ukashiba, na kila kiwanja kuanzia Gede hadi Mambrui kimegeuka kichaka. Mwezi huo huo, hoteli nyingi za ufuoni zimefunga, Waitaliano wamerudi kwao, na msimamizi wa vila anakwambia, "Kijana, ngoja wageni warudi ndio tuongee." Majani yanakua mbio wakati ule hasa mfuko wa mteja umekauka.

Hilo liweke kichwani kabla hatujagusa habari ya injini, maana ndilo litakalokuamulia mengi.

Najua umeiona ile video. Jamaa amekaa kwenye mashine isiyo na usukani, mikononi ana vyuma viwili tu, anazunguka mti kama anacheza, na nyuma yake uwanja umebaki kama zulia. Wewe uko Muyeye, au Maweni, au Mtwapa, una mashine ya begani na wateja sita, mgongo unauma, na kikundi chenu kimeweka akiba kidogo. Mmoja wenu amesema: tukope, tununue hiyo ziro-tani, tuingie mahoteli. Kwenye meza ya mkopo kuna logbook ya boda ya kaka mmoja na hati ya shamba la mama wa mwingine. Basi tuongee vizuri, kwa hesabu.

Ziro-tani ni mashine ya kukalia ambayo kila gurudumu la nyuma lina pampu na mota yake ya mafuta ya haidroliki. Ukisukuma mkono wa kushoto mbele na kuuvuta wa kulia nyuma, mashine inajizungusha papo hapo ilipo. Magurudumu ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu kama ya toroli la supamaketi. Visu viko katikati, chini ya deki, lile sufuria la chuma lililopinduliwa. Zilianzia Kansas, Marekani, miaka ya 1960, na moja ya chapa za mwanzo kabisa iliitwa Hustler. Ndiyo, Hustler. Lakini usichanganye: Hustler Fund ya kwetu, kwa mkopo wa mtu binafsi, inaanzia shilingi 500 na kikomo chake ni 50,000. Hiyo inakununulia mashine ya begani na galoni ya petroli. Ziro-tani ya kazi ni habari nyingine. Kule Marekani tu bei inahesabiwa kwa maelfu ya dola, na hapo bado meli, ushuru na VAT ya asilimia 16.

Kwa mfano wetu tuseme imekufikia mkononi kwa shilingi milioni 1.5.

Ina kasi? Sana. Chukua uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, yaani ekari moja na robo tatu hivi. Mashine ya kusukuma yenye upana wa sentimita 53, ukitembea mwendo wa kawaida na kuhesabu kugeuka na kurudia mistari, itakuchukua saa nne na dakika kadhaa. Ziro-tani ya deki ya inchi 52, kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, inamaliza kwa dakika 45. Ukiiona tofauti hiyo moyo unaruka.

Sasa peleka mashine hiyo hiyo kwenye vila ya Casuarina. Kiwanja ni nusu ekari, lakini toa nyumba, toa bwawa la kuogelea, toa njia ya magari na vitanda vya maua. Yamebaki majani ya robo ekari. Mashine ya kusukuma inamaliza kwa dakika 35 hivi. Ziro-tani kwa dakika 7 au 10. Umeokoa nusu saa, sivyo? Ngoja. Mashine ya kusukuma imefika kwa tuktuk. Ziro-tani ina uzito wa karibu nusu tani, kwa hiyo umekodi kanta au umevuta trela, umetafuta mbao za kuteremshia, umefika getini ukakuta mlango wa uani una upana wa mita moja. Deki ya inchi 52 ni mita 1.32, bila kuhesabu bawa la kutolea majani. Umerudi nyumbani na mashine yako juu ya kanta, na kanta unalipa.

Na kuna mkopo. Milioni 1.5 kwa miezi 36, bila riba, ni karibu shilingi 41,700 kila mwezi. Ukiwa na kazi ya saa nne kwa wiki, yaani saa 17 kwa mwezi, kila saa ya kukata inabeba shilingi 2,450 za mkopo peke yake. Ukiwa na kazi ya saa 15 kwa wiki, mzigo huo unashuka hadi kama shilingi 640 kwa saa. Juu yake weka petroli: injini za ukubwa huu hunywa lita 4 hadi 6 kwa saa ya kazi. Kwa lita 5 za shilingi 180, hiyo ni 900. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14, kwa hiyo usiandikiane bei ya mwaka mzima na mteja bila kuacha nafasi hapo.

Saa 15 kwa wiki ni nyingi kuliko zinavyosikika. Ukikata ekari mbili kwa saa, hizo ni ekari 30 za majani kila wiki, kama viwanja 17 vya mpira. Kaeni chini mkiwa kikundi, mchukue kalamu, mwandike majina ya wateja na ekari zao. Kama orodha inaishia kwenye ekari 6, hamhitaji ziro-tani. Mnahitaji mashine mbili nzuri za kusukuma, za begani mbili, na tuktuk ya kukodi. Hakuna aibu hapo, na hati ya mama inabaki kabatini.

Majani mengi yako wapi?

Yapo, lakini si kila palipo kijani ni pako. Watu husema Vipingo Ridge, kwa sababu ndipo Magical Kenya Ladies Open ilipochezwa mwaka 2019 na dunia ikaona ule uwanja kwenye runinga. Lakini gofu ina mashine zake. Kwenye grini hukatwa kwa mashine za visu vya mviringo, zinazokata kama mkasi, na ziro-tani ukiipitisha pale utafukuzwa na mbwa. Kazi yake kwenye gofu ni maeneo ya pembeni tu, na viwanja vikubwa kwa kawaida huwa na vyao na wafanyakazi wao.

Sehemu ya kubisha hodi ni shule zenye uwanja mpana, makanisa na misikiti yenye ua mkubwa, vyuo, mitaa ya nyumba za kupangisha yenye msimamizi mmoja, na hoteli zilizochoka kutunza mashine zao wenyewe. Uwanja wa ndege wa Malindi una majani pande zote za njia ya ndege, na hayaachwi yarefuke, ila kazi ya namna hiyo ni ya zabuni na masharti ya usalama. Kule Langobaya kuna mtambo wa umeme wa jua wa Malindi, uliowashwa mwaka 2021. Majani yakirefuka kwenye mtambo kama huo yanatia kivuli kwenye paneli. Lakini fikiria jiwe moja likiruka kutoka kwenye kisu chako hadi kwenye kioo. Kazi kama hiyo usiikaribie bila bima na bila kujua unachofanya.

Kwa zabuni za serikali, kuna mpango wa AGPO unaotenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Jisajilini. Lakini mkopo wa mashine usiuegemeze kwenye malipo ya serikali, iwe ya taifa au ya kaunti. Malipo yanayochelewa ni wimbo wa kila mwenye zabuni nchini, na benki haisubiri.

Dawa ya ule ugonjwa wa Mei ni namna unavyoandikiana na mteja. Usidai kwa kila mkato. Mpe mwenye vila bei ya mwaka, igawe kwa miezi 12, alipe kiasi kilekile Januari na Mei. Januari, kaskazi ikikausha kila kitu, utakuja mara moja kwa mwezi. Mei utakuja kila wiki. Yeye anajua gharama yake, wewe una pesa ya kulipia mkopo hoteli zikiwa zimefunga. Watakaokubali ni wachache mwanzoni. Hao wachache ndio wa kuhesabu.

Sasa injini

Tuseme orodha yenu imefika. Mna shule tatu, mtaa mmoja wa nyumba, hoteli mbili, na karatasi zimetiwa sahihi. Muuzaji atakuanzia na nguvu za farasi: "Hii ni 27, ile ni 24." Msikilize, halafu muulize maswali mengine.

Mfano mzuri ni Kawasaki, ambazo utazikuta kwenye mashine za chapa nyingi. FX751 imeandikwa nguvu za farasi 24.5, FX850 imeandikwa 27. Zote mbili zina ujazo uleule wa cc 852. Tofauti ile ni ya urekebishaji, si ya ukubwa wa injini. Kwa deki ya inchi 52 hapa kwetu, farasi wawili wa ziada hutawasikia. Herufi za mbele ndizo za kuangalia. FR ni ya mwenye nyumba anayekata Jumamosi. FS iko katikati. FX ndiyo ya kazi ya kila siku, na tofauti moja utaiona kwa macho: chujio la hewa limekaa ndani ya mkebe mkubwa, na vumbi zito linatupwa nje kabla halijaligusa. Kwa mchanga wetu wa Malindi, mkebe huo ni muhimu kuliko namba yoyote kwenye stika. Vumbi likipenya kwenye silinda, linasaga pete za pistoni kimyakimya, na siku utakayoona moshi wa buluu umeshachelewa. Kohler wana Command Pro, Briggs & Stratton wana Vanguard, nazo ni injini za kazi. Ukiona karatasi za Kohler zina jina Rehlko, usishtuke, jina la kampuni lilibadilishwa mwaka 2024.

Honda? Hapa vijana wengi hujidanganya. Injini ndogo ya GX160 na nakala zake za Kichina ziko kwenye pampu na jenereta kila mahali, na spea zake unazipata hata kwenye duka la misumari. Lakini ziro-tani hutumia injini za silinda mbili kama GX690, na spea zake si zilezile. Jina ni moja, rafu ya duka ni tofauti.

Halafu linakuja suala la kabureta au EFI, ule mfumo wa kompyuta unaopima petroli. EFI inawaka vizuri, inanywa kidogo, na haikusumbui ikilala wiki mbili. Kwa karatasi, ndiyo bora. Lakini jiulize: ikizima Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, saa nne asubuhi, nani ataifufua? Kabureta inafunguliwa na fundi yeyote wa boda. Atapuliza jeti, ataisafisha kwa petroli, mtaendelea. EFI ikileta kosa, unahitaji mtu mwenye kifaa cha kuisoma, na huenda mtu huyo yuko Mombasa au Nairobi. Maoni yangu: kwa mashine ya kwanza na ya pekee, chukua kabureta. Siku mtakapokuwa na mashine tatu na muuzaji anayeituma gari lake hadi kwenu, EFI itajilipa kwa petroli inayookoa.

Dizeli inavutia, hasa mashine kama za Kubota zenye injini ya silinda tatu inayopozwa kwa maji. Inakunywa polepole na ina nguvu ya msokoto hata majani yakiwa marefu na mabichi. Ila ni nzito, ni ghali, na rejeta yake inazibwa na vipande vya majani, kwa hiyo lazima uipulize kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Dizeli inamfaa mwenye uwanja mmoja mpana wa kushinda nao siku nzima. Wewe unayehamahama kutoka vila hadi shule, uzito ule utakuumiza kwenye trela na kwenye mchanga laini.

Za betri zipo pia, na hoteli yenye wageni waliolala ingependa ukimya wake. Bei yake kwa sasa na umeme wetu unaokatika vinanifanya niziache hapo.

Kwa hiyo jaribio langu la kuchagua injini ni jepesi. Kabla ya kulipa, piga simu Mombasa, uulize vitu vitano kwa namba ya injini hiyo: chujio la hewa, chujio la oili, plagi, mkanda wa deki, na beringi za shina la visu. Vikiweza kukufikia kesho yake kwa basi, hiyo ni injini yako hata kama ina farasi wachache. Akikwambia "tutaagiza," jua mashine italala wiki sita huku mkopo ukitembea.

Chumvi, mchanga na mawe

Majani ya Pemba, yale mapana tunayoyapanda huku Pwani kwa sababu yanavumilia mchanga na chumvi, ni mazito. Yakiwa mabichi yanajibandika chini ya deki kama ugali kwenye sufuria. Yakwangue kila siku, maana unyevu ule na hewa ya bahari vinakula chuma. Chagua deki iliyochomelewa kwa mabamba mazito, si ile iliyokandamizwa kutoka bati moja. Na usioshe mashine kwa maji ya kisima cha chumvi. Tumia ya mfereji, au pangusa na upulize tu.

Kuna jambo ambalo wakataji wa Florida, wenye mchanga na minazi kama sisi, walilijua zamani. Visu vyenye mabawa marefu hufyonza sana, na kwenye mchanga hufyonza mchanga, vikajisaga vyenyewe. Vya mabawa mafupi hudumu zaidi. Muuzaji wengi hawatakwambia, uliza mwenyewe.

Oili ya injini mpya badilisha mapema, baada ya saa chache za kwanza kama kitabu cha injini kinavyosema, kisha kwa zile za Kawasaki kila baada ya saa 100. Usihesabu miezi. Mita ya saa iko pale kwa sababu hiyo.

Mawe ndiyo yanayonitisha kuliko yote. Ardhi yetu ina matumbawe yaliyojificha chini ya majani, na ncha ya kisu inakwenda zaidi ya mita 80 kwa sekunde. Tembea uwanja mzima kwa miguu kabla ya kuwasha. Okota mawe, vifuu, makumbi ya madafu. Bawa la mpira la pembeni usilifunge juu kwa waya eti majani yatoke vizuri. Watoto wa shule wasiwe uwanjani. Na kwenye mteremko mkali, kama kingo za mto au matuta ya mchanga upande wa Sabaki, usipande. Magurudumu ya mbele hayaongozi, ya nyuma yakiteleza huna breki wala usukani. Hapo rudi kwenye mashine ya begani. Fremu ya chuma ya nyuma ya kiti iache imesimama, na mkanda ufunge.

Mtumba nao upo, na kwa wengi ndio utakaowezekana. Usiiamini mita ya saa peke yake, hubadilishwa. Angalia chini ya deki kama bati limeliwa. Shika visu, injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umetolewa, uvitikise: vikicheza, beringi zimekwisha. Iendeshe dakika 20 hadi mafuta ya haidroliki yapate moto, kisha uipande kilima kidogo. Ikianza kulegea upande mmoja, pampu au mota ya upande huo inakufa, na ukarabati wake unaweza kumeza sehemu kubwa ya bei uliyolipia. Halafu sema utarudi kesho, na ufike asubuhi na mapema kabla muuzaji hajaiwasha. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa ina joto tayari, muulize kwa nini.